Karani Asiyekuwamo Kwenye Ramani

Nianze na aibu yangu mwenyewe, maana Temeke bado kuna watu wanaikumbuka, na ni heri muisikie kwangu kuliko kwao: niliwahi kuzuia jeneza la mtu nikidai jogoo.

Marehemu alikuwa mwalimu wa shule, Mpare, Mkristo, mtu mpole aliyehamia mtaani kwetu na mkewe na sanduku la vitabu. Alipofariki tulikwenda majirani wote, na mie nikaenda nimejiandaa. Kofia yake ya jua ilikuwa imetundikwa ukutani, nikaivaa. Nikavaa na miwani yake. Nikazunguka uani nikiigiza kikohozi chake, kile alichokuwa akikitanguliza kabla ya kusema lolote, na jeneza lilipokaribia kutoka nikajilaza kizingitini, kichwa huku, miguu kule.

"Hatoki mtu hapa!" nikapiga kelele. "Mpaka niletewe jogoo! Huyu kaondoka bila kuaga, wachoyo wakubwa nyie!"

Kwa mtu wa pwani hayo si maajabu. Mtani hufanya hivyo msibani, ndiyo kazi yake: huwasumbua wafiwa mpaka wacheke katikati ya machozi, nao humpa kitu akawapisha. Mie nilikuwa nangojea kicheko. Sikukisikia. Ndugu wa marehemu, aliyekuja kwa treni kutoka kwao, akachutama kando yangu akaniuliza taratibu, kama anayemsemesha mgonjwa:

"Kijana, wewe ni nani?"

"Mtani wenu. Mie Mmatumbi."

"Wamatumbi na sisi tuna utani tangu lini?"

Nikafikiri kidogo, bado nimelala. "Kwa mujibu wa ramani," nikasema.

Hawakunipiga. Laiti wangenipiga. Padri aliniruka, pindo la kanzu yake likanipapasa usoni, na wabebaji wakaniruka mmoja baada ya mwingine kama wanaoruka mfereji. Mjane akainama, akanivua miwani, akaifuta kwa kanga yake, akaenda nayo makaburini.

Aliyeniambia nina utani na Wapare ni Karani.

Alikuwa karani wa baraza la wazee, na mtaa mzima ulimwita hivyo, hata mkewe. Mrefu, mwembamba, kanzu na koti la kaki juu yake, tarbushi, penseli sikioni. Mkononi mwavuli mweusi ambao sikuwahi kuuona umefunguliwa. Mvua ikinyesha aliuficha chini ya koti usilowe. Ulikuwa mwavuli wa kuonyeshea, na kilichokuwa kikionyeshwa ni ramani ya makabila.

Ramani hiyo aliipata kwa Bwana Shauri mmoja, mkuu wa wilaya wa Kizungu, aliyekuwa akirudi kwao Uingereza na kutupa vitu. Ilikuwa kubwa kama shuka, imebandikwa kitambaa nyuma, na nchi yote imepakwa rangi kama kanga ya sikukuu: Wanyamwezi kijani, Wagogo manjano, Wazaramo rangi ya chungwa. Karani aliitundika ukumbini, ikitazamana na mlango. Mgeni akiingia, kabla hajakaribishwa kukaa, aliulizwa, "Rangi gani?"

Tatizo ni kwamba mchapaji alikuwa na rangi chache na makabila chungu nzima, kwa hiyo alikuwa akizirudia. Umatumbi ulikuwa waridi, na Upare, huko juu kabisa, ukawa waridi vile vile. Mie nilipokwenda kuuliza utaratibu wa msiba ule, Karani aligusa waridi ya chini kwa ncha ya mwavuli, akaupandisha polepole mpaka waridi ya juu.

"Unaona? Damu moja hiyo. Kama si ndugu basi watani."

"Mbona tuko mbali hivyo, Karani?"

"Mlitengana," akasema, kwa huzuni ya mtu aliyekuwepo.

Nami nikaamini. Nimesoma sekondari mie, bara huko, kwa ada iliyomgharimu baba yangu minazi kadhaa, na niliporudi nilikaa barazani kwa mama yangu kudarizi kofia, kazi inayomfaa mtu asiyependa kutoka. Kusoma kulinifundisha kwamba kitu kilichochapwa hakibishaniwi. Waliokuwa hawajasoma walimbishia Karani kila siku.

Maneno yake mtaa uliyajua kwa moyo. "Serikali haikuoni wewe, inaona rangi yako." "Mtu bila mpaka ni maji." Akikasirika alisema, "Nenda kasimame kwenye rangi yako," na watoto wetu wakayageuza mchezo, wakichora maduara mchangani na kufukuzana.

Mume mmoja Mzaramo na mkewe Mngoni walimwendea wakiwa wamegombana, wanataka kuachana. Karani aliwasikiliza, akachukua mwavuli, akawaonyesha. "Tazameni wenyewe. Rangi hizi hazikutani popote. Nashangaa mmefika mpaka hapa." Wale watu walitoka pale wanamtukana kwa sauti moja, wakafika kwao wamepatana, na sijasikia wakigombana tena. Karani alihesabu kesi hiyo kuwa ni moja ya zile alizoshindwa.

Halafu yupo Mwenye Duka, jirani yetu, Mhindi wa madhehebu ya Shia. Duka lake lilikuwa mkabala na nyumba ya Karani, nao walinunuliana chai kila asubuhi na kubishana mpaka adhuhuri. Siku moja Mwenye Duka akavuka barabara, akasimama mbele ya ramani, mikono nyuma.

"Mie niko wapi hapa, Karani?"

Karani akainua mwavuli, akauzungusha juu ya nchi yote, akautua kwenye buluu. "Hapo."

"Hapo ni baharini."

"Ndiyo mlikotokea."

"Mie nimezaliwa Temeke hii! Mkunga wangu ni bibi yake huyu!" Akaninyooshea kidole mie niliyekuwa na kofia yangu mapajani. "Kwa hiyo kodi ninayolipa ni ya samaki?"

"Lalamika kwa mchapaji," Karani akasema, akamwongezea chai.

Ungemsikiliza hivyo ungedhani ni mtu mkavu wa roho. Basi nyumba yake ilikuwa ya vyumba sita, na sikumbuki chumba hata kimoja kikiwa na mpangaji anayelipa. Yeyote aliyeshuka garini hana pa kulala, Mmakonde, Mhehe, Mnyasa, alipewa mkeka, akapewa vitumbua vya mke wa Karani, na kabla ya kulala akapewa hotuba juu ya hatari ya watu kuchanganyikana. Mkewe mwenyewe alikuwa Mnyamwezi, mama wa sauti nene, aliyekuwa akisema huku akigeuza vitumbua, "Mie nimeolewa na mtu asiyekuwepo."

Na hapo alikuwa amesema kweli tupu. Karani hakuwamo kwenye ramani.

Kwao palikuwa kusini, kwenye kona ya mto, vijiji viwili vitatu vya watu waliojiita Wamalindu. Mchora ramani hakuwaona, au aliwaona na akachoka. Mahali pao palipita jina la Wandengereko, limeandikwa kwa herufi kubwa zilizoachana, na kona ile ya mto ikaangukia ndani ya herufi G. "Kwetu ni hapa," Karani alikuwa akisema, ncha ya mwavuli ikigusa karatasi, "ndani ya tumbo la G." Alisema hivyo bila kucheka, nasi tulijifunza kutocheka mbele yake.

Nilimwuliza siku moja, penseli unayo, sikio lako halikosi penseli, si uchore tu? Alinitazama kama nimemwambia aibe. "Hii ramani ni ya Serikali," akasema. "Nikijichora mwenyewe nitakuwa nimechorwa na nani?"

Msidhani ni suala la fahari tu. Waingereza walitaka kila kabila liwe na mzee wake barazani, na kila mzee awe na kiti. Viti vya baraza vilikuwa na mgongo na mikono. Karani, aliyejua sheria zote na kesi zote, na ndiye aliyewanong'oneza wazee waseme nini, alikaa kwenye kigoda pembeni ya meza, magoti yakimfikia kidevuni. Mzee asiye na kabila hakalii kiti. Alikaa kwenye kigoda kile akiwa kijana, akaendelea kukikalia nywele zikageuka nyeupe, na kila kiti kilipokuwa wazi kwa kifo cha mzee, alikwenda kwa Bwana Shauri mpya kueleza habari za kona ya mto. Mabwana Shauri wote walimsikiliza vizuri. Wote wakaitazama ramani, wakasema hawaoni kitu.

Lugha ya kwao ilikuwa imeanza kumtoka. Alibaki na wimbo wa kubembelezea mtoto, matusi fulani mazito, na majina ya vitu vya mtoni. Kuna wakati nilimkuta peke yake uani akitaja vitu, "maji, kasia, tope, kambale," kwa Kimalindu, kimoja kimoja, kama mtu anayehakikisha funguo zake bado zimo mfukoni.

Kisha, miaka michache kabla ya vita vya pili, ikaja habari kwamba Serikali inamleta Mzungu wa mila, atakayezunguka kuuliza watu desturi zao ili ramani ichorwe upya. Bwana Shauri wa wakati huo, kijana mwenye haraka, akamwambia Karani: "Hao watu wako nionyeshe. Mzungu akiwaona atawachora. Wakichorwa, kiti chako hicho."

Karani alifunga safari mpaka Kimbiji, ambako walikuwako ndugu zake wa damu waliohama mtoni zamani. Alirudi kakunja uso. Mkewe akamuuliza wanakuja lini.

"Hawaji."

"Kwa nini?"

"Wanasema wao sasa ni Wazaramo. Wanasema, 'Kaka, tumeshazoea, usituamshie mambo.'"

Mke wa Karani akaweka mwiko chini, akatazama vyumba vyake sita vilivyojaa watu wasiolipa. "Basi si unao hawa?" akasema.

Ndivyo Wamalindu walivyopatikana. Karani alikataa, akakataa tena, kisha akawakusanya wapangaji wake ukumbini. Kulikuwa na Wamakonde, Wangoni, Wanyasa, Wahehe, mpishi mmoja Mluguru, na mbele yao wote Kuli. Huyu Kuli alibeba magunia bandarini, mtu wa kifua kipana na sauti ya kuamrishia meli, na kwao hasa hakuna aliyepajua kwa sababu alikuwa akipabadilisha kufuatana na anayeuliza.

"Ni siku moja tu," Karani akawaambia, bila kumtazama mtu. "Mtakula, mtacheza, mtarudi kwenye rangi zenu."

"Ukitupa wali hata Wajerumani tutakuwa," Kuli akasema.

Tulikwenda kwenye uwanja mmoja, njia ya Chamazi, kwenye mashamba ya minazi ya Wazaramo. Mie nilichukuliwa kuwa mkalimani, kwa Kiingereza changu cha sekondari. Mzungu alikuwa mpole, magoti mekundu, amejaa adabu. Alitushukuru kwa kuwepo.

Ngoma ilianza. Nusu ilikuwa ya Kizaramo, nusu ilikuwa beni, ile ya kupiga miguu kama askari, kwa sababu ndizo walizozijua wote. Mpishi Mluguru alikuwa amechomwa na mwiba njiani, akawa anaruka kwa mguu mmoja, na waliokuwa nyuma yake wakadhani ndiyo inavyotakiwa. Uwanja mzima ukaruka kwa mguu mmoja. Mzungu akaniuliza maana yake.

"Wanakumbuka wazee wao walivyovuka mto," nikamwambia. Nina sekondari mie. Isingependeza nikose jibu.

Kisha akaomba maneno ya lugha yao. Karani akasimama mbele. Akataja maji. Wengine wakaitikia nyuma yake, kama watoto wa chuo cha Kurani. Akataja moto, mama, mvua, njoo, mtoto amelala. Wakaitikia. Sauti yake ilianza kukwaruza. Watu wengi hivyo wakisema Kimalindu kwa pamoja, sidhani kama alikuwa amesikia tangu utotoni. Mkewe alijifunika uso kwa upande wa kanga, nami nilijifanya natafuta neno la Kiingereza.

Ingeishia hapo tungekuwa salama. Mzungu akasema, "Muulize mzee wao, mwiko wa kabila ni nini? Kitu gani hawali?"

Sikuwahi kumaliza kutafsiri. "Kambale!" Kuli akajibu. Alikuwa amekula kambale aliyeharibika siku iliyotangulia na tumbo lilikuwa halijamsamehe. "Hatuli kambale kabisa! Babu zetu walikataza! Ukila unavimba!"

Nikamtazama Karani. Watu wa kona ya mto hawakuwa na mboga nyingine. Kambale ndiye aliyewalea. Yeye mwenyewe, siku ya kambale nyumbani kwake, alikuwa mtu mwingine. Alifungua vifungo vya koti, akala kichwa na mapezi, akaimba. Sasa akafungua mdomo. Akiukana mwiko, kabila zima linaanguka pale pale, na kiti nacho. Mzungu alikuwa ameshaanza kuandika.

"Ni kweli," Karani akasema. "Hatuli."

Mzungu akapiga mstari chini ya neno hilo.

Ramani mpya ilichelewa kwa vita, ikaja tukiwa tumeshaisahau. Karani aliipokea barazani, akaileta nyumbani imeviringishwa, akaifungua mbele yetu kwa mikono miwili. Wamalindu walikuwemo. Walikuwa zambarau, rangi yao wenyewe, hakuna aliyeshirikiana nao. Ila Mzungu alikuwa amewachora alikowakuta: doa kama dole gumba, nje ya Dar es Salaam, njia ya Chamazi. Kule kusini, kona ya mto, tumbo la G lilikuwa tupu vile vile.

Tukaisogelea wote. Mwenye Duka alikuwa wa kwanza kukohoa.

"Wamekosea mahali," Karani akasema hatimaye. "Lakini tupo."

Kuli ndiye aliyeelewa upesi kuliko wote maana ya doa lile. Kabila lililomo kwenye ramani linaweza kuomba ruhusa ya ngoma. Linaweza kuunda chama cha kuzikana, na mtu wa bandarini asiye na ndugu mjini huhitaji sana wa kumzika. Kabla ya mwaka kwisha kulikuwa na Chama cha Wamalindu, na Mwenyekiti wake ni Kuli. Wapangaji wote wa Karani wakaingia, na marafiki zao, na wenzao wa bandarini. Wakaoana. Wakazaa watoto ambao tangu wanazaliwa waliambiwa wao ni Wamalindu, wakafundishwa kuruka kwa mguu mmoja, nao wakaruka vizuri kweli, sikatai, mpaka machozi yalikutoka. Kambale hakupikwa kwenye nyumba zile. Siku moja nilimkuta Kuli njia ya Chamazi akimwambia Mzaramo mwenye minazi iliyopandwa na babu yake, "Nyie hapa wageni, tumewaonea huruma tu. Katazame ramani!"

Mie walinipa ukatibu, kwa sababu nina sekondari na siku zote nipo nyumbani.

Hatimaye kiti kikatangazwa. Baraza liliandika kwamba Wamalindu walete mzee wao. Karani alifua kanzu, akapiga pasi tarbushi. Hakukuwa na mtu mwingine wa kufikiriwa, kwa maoni yake. Tukakutana ukumbini mwake, mbele ya ramani yake, tukakalia mikeka yake.

"Utaratibu ni utaratibu," Mwenyekiti akasema. "Mzee wa kabila lazima ajue mila. Karani, tafadhali, ngoma."

Karani alikuwa na magoti mabovu. Aliinua mguu mmoja, akashika ukuta, akaushusha.

"Hm," wakasema.

"Na mwiko je?" Mwenyekiti akaendelea. "Wapo wanachama walionusa kitu dirishani kwako. Si mara moja."

"Mtu mzima hanuswi," mke wa Karani akasema kutoka mlangoni.

"Wewe mama Mnyamwezi, hili halikuhusu," akajibiwa na kijana aliyezaliwa chumba cha tatu cha nyumba ile ile, mikononi mwa mama huyo huyo.

Karani akanyanyuka kwa mwavuli. Nilimwona anachagua maneno, akayaacha yote, akabaki na moja la wazi. "Jamani. Mmalindu humu ndani ni mie peke yangu."

Halafu Kuli akatikisa kichwa kwa masikitiko.

"Umesikia mwenyewe, katibu? Andika. Huo ndio ubaguzi tunaoukataa siku zote. Karani, sie tunakuheshimu, wewe ni mgeni wetu mwema sana. Lakini damu ni damu."

Wakamchagua Kuli. Nilisema nina neno, nikaambiwa katibu hana neno, ana kalamu. Na kuanzia siku ile, mwenye kupita barazani angemwona Kuli amejaa kwenye kiti chenye mikono, na Karani pembeni, kwenye kigoda kile kile, anaandika Kuli anasema nini kwa niaba ya Wamalindu.

Ungetegemea aitoe ramani ukutani. Aliiongeza. Sasa zikawa mbili, ya zamani na mpya, na akawa anasimama kati yake kama mtu aliyefiwa na ndugu wawili ambao hawakuwa wakizungumza.

Wakati wa siasa walikuja vijana wa chama cha kudai uhuru, mashati meupe, wamesoma, wana haraka na heshima pamoja. "Shikamoo, mzee. Tunaomba uzishushe hizi. Sasa hakuna Mmalindu wala Mzaramo, sote Watanganyika." Wakamletea ramani yao, nchi nzima rangi moja, na mstari mnene kuizunguka. Karani aliitazama kwa muda. Aliipenda, nilimjua, alipenda kila ramani.

"Nzuri," akasema. "Na huu mstari nani kauchora?"

"Wajerumani," mmoja akasema. "Na Waingereza."

"Eheee," Karani akasema. "Niwekeeni hapo, nafasi ipo."

Mwenye Duka, aliyekuwa ameshavuka barabara kwa chai yake, akanyoosha shingo. "Na mie je, katika hiyo nimo?"

"Hilo linajadiliwa, mzee," kijana akamjibu.

Nilikutana na Karani kwa mara ya mwisho mwaka mmoja wa masika makubwa, mchana. Mama yangu alinituma nikamjulie hali, la sivyo nisingetoka. Nilikuta Chama cha Wamalindu kizima kimesimama nje ya nyumba, kwenye matope, wanabishana. Kulikuwa kumevuma kwamba Karani hafiki jioni, na swali lilikuwa nani atamzika. Chama kikimzika, wengine walisema, kimekubali kuwa ni Mmalindu, na akiwa ni Mmalindu basi uchaguzi wa kiti ulikuwaje? Wengine wakasema azikwe kama mgeni. Mmoja akauliza kama mgeni hupewa sanda ya chama au ya kwake.

Nikaingia. Alikuwa kitandani, amepungua mpaka koti la kaki lililofunikwa juu yake lilionekana kama limelala peke yake. Mkewe alimshika kichwa, beseni mapajani. Chumba kilinuka homa. Penseli ilikuwa sikioni.

"Wamekubali?" akaniuliza. Hakusema nini wala nani.

"Bado wanajadili, Karani."

"Wamefika wapi?"

Ningeweza kumdanganya. "Kwenye kambale," nikasema.

Akacheka. Kicheko kikageuka kitu kingine, mkewe akamwinua haraka, na beseni likafanya kazi yake. Alipopata pumzi akanivuta mkono. "Waambie," akasema, "waambie sijawahi kuacha. Waambie..." Akasema neno la Kimalindu ambalo sikulijua, lenye uzito wa yale matusi, au labda lilikuwa jina la kitu cha mtoni. Akafumba macho.

Nikatoka nje nikiwa na ujumbe huo mdomoni, sijui niutoeje. Kuli alikuwa ameinua kidole, anaeleza kifungu cha katiba. Wengine walikuwa wananiuliza mie katibu ninasemaje, kumbukumbu zinasemaje. Nikajikuta nimeanza, Mungu anisamehe, kueleza kwamba suala hili lina pande mbili.

Mwenye Duka alikuwa amevuka barabara kwa miguu mitupu, suruali ameikunja, funguo za gari mkononi. Akatupita wote mpaka mlangoni, akachungulia, akageuka.

"Mtu anatapika humu ndani yuko hai, nyie mko nje mnamtafutia kabila la kuzikwa nalo! Nani ananishikia miguu tumpeleke hospitali?"